Kugeuzwa shingo kwa ghafla kunatibu bega la mshambuliaji wa mpira wa wavu?

Mwalimu wa Wavu, Mtwara
Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Ninafundisha mpira wa wavu kwa wasichana wa sekondari hapa Mtwara mjini. Mshambuliaji wangu mmoja analalamikia bega la kulia tangu mwezi uliopita: akiinua mkono kupiga mpira juu ya wavu, maumivu humshika na pigo hukosa nguvu. Wiki iliyopita kaka yake alimpeleka kwa mchua misuli, ambaye alimgeuza shingo kwa ghafla hadi ikalia, na jioni ile ile akapiga mipira kama zamani. Siku ya tatu maumivu yakarejea. Sasa wenzake wawili wanataka kupelekwa huko kabla ya mashindano. Shingo inahusianaje na bega, na je, niwaruhusu?

Fizio wa Lindi
Mwalimu, mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo: usiwaruhusu. Uhusiano upo kweli, kwa sababu neva zinazoendesha misuli ya kuinua mkono na kuuzungusha kwa nje hutoka shingoni, hasa usawa wa pingili ya 5 na ya 6, na msuli mmoja unaopandisha kombe la bega umejishikiza kwenye pingili 4 za juu za shingo. Kwa hiyo shingo iliyokaza ikilegea, mchezaji anaweza kujisikia mwepesi kwa muda mfupi. Mlio ule, hata hivyo, si mfupa unaorudi mahali pake, bali ni gesi iliyomo katika ute wa kiungo, na bega lenyewe linabaki na tatizo lake.

Kinachonitia hofu zaidi ni ule ughafla. Katika matundu ya pingili za shingo hupita mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo, na yameripotiwa matukio, ingawa ni machache, ya mshipa huo kuchanika baada ya shingo kugeuzwa kwa nguvu, kisha kiharusi kikafuata hata kwa vijana. Binti akipata kizunguzungu, akiona vitu viwili viwili, ulimi ukiwa mzito, au akishikwa na maumivu makali mapya ya shingo na kichwa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kwanza mwambie ageuze na kuinamisha shingo mwenyewe, polepole. Ikiwa maumivu au ganzi inateremka mkononi, pengine hadi kidole gumba, chanzo huenda ni shingo, na amwone mtaalamu. Kisha, ili kupima bega lenyewe, alale chali, mkono utoke pembeni usawa wa bega, kiwiko kikunjwe, auzungushe kwa ndani. Linganisha na mkono wa pili.

Mpigaji wa Zamani, Mikindani
Mimi nililizwa shingo karibu kila mwisho wa wiki kwa misimu miwili, nikiamini kwamba ndiyo tiba, na bega likazidi kuharibika. Lililonisaidia ni kupunguza idadi ya mapigo mazoezini na kuvuta tyubu ya baiskeli iliyofungwa nguzoni, kiwiko kikiwa ubavuni, nikizungusha mkono kwa nje taratibu. Ilinichukua miezi mitatu. Hata wavuvi wetu wanaorusha kimia hulalamikia bega lile lile.

Mwalimu wa Wavu, Mtwara
Asanteni sana. Nimempima leo: shingo inageuka vizuri bila maumivu, lakini mkono wa kulia unazunguka kwa ndani kidogo sana kuliko wa kushoto. Nimewaambia wale wawili hawaendi. Je, kuchuliwa shingo taratibu nako nikuzuie?

Fizio wa Lindi
Kuchua misuli kwa upole hakuna ubaya, mradi asiguse mtu kichwa chake kukizungusha. Kwa wapigaji, mzunguko wa mkono kupungua kwa ndani na kuongezeka kwa nje ni jambo la kawaida. Pima basi mzunguko wote, wa ndani na wa nje kwa pamoja. Ukiwa umepungua ukilinganisha na wa kushoto, apumzike kupiga mpira juu ya wavu, aanze tyubu, na apimwe bega hospitalini kabla ya kurudi uwanjani.