MJADALA: Kenya ibaki na majeshi matatu, au yaunganishwe yawe moja?

Mleta mada (Likoni)

Wakuu, salaam. Najua wapo watakaonirukia kabla hawajamaliza aya ya kwanza, lakini liwalo na liwe.

Kifungu cha 241 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ni matatu: la nchi kavu, la wanahewa na la wanamaji. Kila moja lina kamanda wake, makao yake, sare zake na ngazi yake ya vyeo. Mimi nasema liwe jeshi moja lenye kamandi tatu, kama walivyo jirani zetu wa kusini. JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, tangu iundwe tarehe 1 Septemba 1964 ni jeshi moja. Kamandi ya nchi kavu ipo, ya anga ipo, ya wanamaji ipo, ila ukimuuliza askari yeye ni wa nani, atakwambia JWTZ.

Hoja yangu kubwa ni kwamba majeshi yakilelewa mbalimbali, kila moja huishia kujijengea vitu vya mwenzake kwa sababu halimwamini. Kisa kibaya kuliko vyote ni cha Japani kwenye Vita Vikuu vya Pili. Jeshi la nchi kavu na la majini hayakupikika chungu kimoja, hata ilipofika 1943 nchi kavu ikaanza kujiundia nyambizi zake yenyewe za kupeleka chakula kwa askari waliokwama visiwani. Nyambizi za jeshi la nchi kavu! Na huku nchi inaishiwa chuma na mafuta. Tusicheke sana, kwa maana hata kwetu nchi kavu ilikuwa na kikosi chake cha helikopta pale Embakasi, 50 Air Cavalry, mbali na helikopta za wanahewa.

Halafu tazameni Kismayu, kule Somalia. Usiku wa kuamkia 28 Septemba 2012 askari wetu walishushwa ufuoni kutoka melini, operesheni ambayo haiwezekani bila meli, ndege na askari wa miguu kusikilizana dakika kwa dakika. Kama vitani ni lazima wawe kitu kimoja, kwa nini tuwatenganishe wakati wa amani?

Na nusu ya safari tumeshakwenda. Makurutu wa majeshi yote matatu wanapikwa pamoja Eldoret, mtu wa wanamaji anajifunza kutembea gwaride mamia ya kilomita kutoka maji ya chumvi. Makadeti wote wanapitia chuo cha Lanet. Kilichobaki ni kumalizia.

Karibuni tujadili. Siri za kambi msiniletee hapa, sizitaki.

Mstaafu wa Kigamboni

Asante mkuu kwa kutusifu, ila ngoja nikuonyeshe na upande wa pili wa shilingi.

Ni kweli sisi ni jeshi moja. Maofisa wetu wa nchi kavu, wa anga na wa maji wanakutana kwenye chuo cha Monduli wakiwa bado makadeti, na urafiki wa Monduli unasaidia kazini kuliko waraka wowote. Alfajiri ya 25 Machi 2008 vijana wetu waliposhuka kisiwa cha Anjouan huko Komoro, wao na Wasudani, kwenda kumtoa Kanali Bacar aliyeasi, hakuna aliyeuliza nani ni wa kamandi gani.

Lakini jeshi moja halina maana watu wote wafanane. Kamanda wetu wa wanamaji leo anaitwa Rear Admiral, si Meja Jenerali. Bahari ina mila zake. Ukitaka kuvunja moyo wa baharia, mvalishe kama mtu wa mizinga halafu umwite Kanali.

Jambo la pili, na hili ndilo la kutazama sana: kwenye jeshi moja, nchi kavu ndiye kaka mkubwa. Ndiyo yenye watu wengi, na mwenye watu wengi ndiye anayesikika bajeti inapogawanywa. Meli na ndege ni ghali kununua na ghali zaidi kutunza. Mtu ambaye maisha yake yote ameongoza vikosi vya miguu, umwombe pesa ya kupandisha meli chelezoni, atakuuliza kwani haiwezi kusubiri mwaka ujao.

Mzee wa Eastleigh

Vijana, mnazungumza habari za bajeti na vyeo. Mimi nitawaambia habari za tarehe 1 Agosti 1982.

Ilikuwa Jumapili. Askari wa Jeshi la Wanahewa walishika kituo cha Sauti ya Kenya, wakamtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake Ngara wakamlazimisha asome tangazo kwamba serikali imepinduliwa. Nairobi nzima ilimsikia. Nani alizima moto ule? Ni nchi kavu, pamoja na GSU, kikosi maalum cha polisi. Meja Jenerali Mahamoud Mohamed ndiye aliyeongoza askari walioikomboa redio, na baadaye yeye huyo wa nchi kavu akapewa kuliongoza jeshi la wanahewa, ambalo lilivunjwa na kuundwa upya kwa jina la 82 Air Force. Jina lake la zamani halikurudi hadi 1994.

Sasa niambieni. Lingekuwa jeshi moja, lenye chakula kimoja, manung'uniko mamoja na mkubwa mmoja, moto ungeishia kwenye kambi za wanahewa za Eastleigh na Nanyuki? Tulipona kwa sababu kulikuwa na jeshi la pili ambalo halikuwa na deni lolote kwa lile la kwanza. Huo ukuta mnaotaka kuubomoa ndio uliotuokoa.

Na ndugu yetu wa Kigamboni anajua. Januari 1964 Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika la wakati huo, walipoasi kambi ya Colito pale Dar es Salaam, Mwalimu hakuwa na jeshi jingine la kumtuma. Ilibidi awaombe Waingereza, wakaja makomando kutoka manowari ya HMS Centaur.

Shabiki wa Nakuru

Mnasumbuka bure. Mwaka 1995 walichukua timu za mpira za kambi mbalimbali wakaunganisha ikawa Ulinzi Stars. Ligi wakabeba 2003, 2004 na 2005 mfululizo. Mjadala umefungwa 😂

Mstaafu wa Kigamboni

Mzee wangu, shikamoo. Umenishika pabaya na nakubali nimeshikika, ila kisa cha 1964 kina mwisho wake ambao hukuusimulia. Baada ya maasi yale Mwalimu alilivunja jeshi lote akaanza upya, akichukua vijana wa chama na akiwafundisha siasa pamoja na bunduki. Angeweza kuunda majeshi mawili yachungane. Hakufanya hivyo. Aliona dawa ni aina ya askari, na tangu hapo jeshi letu hilo moja halijaipindua serikali.

Kuwa na majeshi mengi ili moja limwangalie mwenzake ni kazi ya mtawala anayeogopa askari wake. Ukiijenga nchi kwa mtindo huo, siku adui wa nje anakuja utakuta kila jeshi limeelekeza bunduki kwa jirani yake.

Theluji (Ottawa)

Nimekaa Canada miaka mingi, na nashangaa hamjawataja, kwa kuwa hawa ndio waliojaribu hasa jambo mnalolibishania.

Waziri wao wa ulinzi, Paul Hellyer, alileta waraka wa sera mwaka 1964: jeshi la nchi kavu, la majini na la anga yafutwe, yawe chombo kimoja chenye mkuu mmoja. Maofisa wa majini waligeuka pilipili. Rear Admiral William Landymore alipinga waziwazi, akafukuzwa kazi 1966. Sheria ikapita, na tarehe 1 Februari 1968 majeshi matatu yakakoma kuwapo kisheria. Kila mtu akashonewa sare moja ya kijani. Mabaharia wakavuliwa ile ya buluu waliyorithi kizazi kwa kizazi, na vyeo vikawa vya nchi kavu, ingawa melini watu waliendelea kuitana kama zamani.

Kilichofuata ndicho kinachonifurahisha. Mwaka 1975 watu wa ndege wakaundiwa kamandi yao tena. Mwaka 1985 sare za rangi tofauti zikarudi. Agosti 2011 na majina yakarudi: jeshi la majini la kifalme, jeshi la anga la kifalme, jeshi la Canada. Mtu akisoma harakaharaka atasema Hellyer alishindwa.

Lakini nendeni kwenye sheria. Mpaka leo Canada kisheria ni jeshi moja. Mkuu ni mmoja. Tabibu, fundi wa vifaa, mhasibu, mpishi, hawa hawana jeshi lao la majini au la anga. Mpishi mmoja anaweza kupangiwa meli mwaka huu na kambi ya ndege mwaka ujao. Walichokirudisha ni kofia, vifungo na majina. Ghala hawakuligawa tena. Kwa hiyo mleta mada, Hellyer alipoteza vita vya sare akashinda vya ghala, na kwa maoni yangu vya sare hakuwa na haja ya kuvianzisha kabisa. Angewaachia mabaharia nguo zao, Landymore angekosa jeshi la kumfuata.

Na kuna wasiounganisha hata kidogo. Aprili 1980 Marekani ilituma watu kuokoa mateka wake Iran, helikopta ikagongana na ndege jangwani, wakafa wanane. Kila jeshi lilikuwa limeleta watu wake na mazoea yake. Walichofanya mwaka 1986 ni kupitisha sheria ya Goldwater-Nichols: majeshi yabaki yalivyo, lakini vitani kamanda wa eneo ndiye mwenye amri juu ya wote, na ofisa asipate ujenerali kabla hajafanya kazi nje ya jeshi lake. Kupanda cheo ndiko kulikowafundisha kupendana. Tena Desemba 2019 wakaongeza jeshi jipya la anga za juu.

Mleta mada (Likoni)

Theluji, umenipa silaha na umeninyang'anya nyingine kwa mkono uleule. Sare nawaachia. Hata hapa Mtongwe, penye kambi ya wanamaji, kijana akitoka likizo na ile nyeupe, mtaa mzima unajua mwana wa nani amefika. Sina haja ya kugusa hilo.

Mstaafu, hofu yako ya kaka mkubwa naielewa, lakini kwetu haijatokea hivyo. Hesabu Wakuu wa Majeshi tangu 2000: Kibwana wanamaji, Kianga nchi kavu, Karangi wanahewa, Mwathethe wanamaji, Kibochi nchi kavu, Ogolla wanahewa, Kahariri wanamaji. Ukubwa wa jeshi haujawa tiketi ya kiti.

Wakili

Mleta mada, orodha hiyo inakupinga wewe. Kiti kinazunguka kwa sababu kuna majeshi matatu ya kuzunguka. Futa majeshi, na desturi ya zamu inakosa pa kusimama.

Lakini nimekuja na jambo jingine. Watu mmesoma kifungu cha 241 mkaishia mstari wa kwanza. Endeleeni chini. Kuna Baraza la Ulinzi, na wajumbe wake wametajwa: Waziri wa Ulinzi ambaye ni mwenyekiti, Mkuu wa Majeshi, makamanda wa majeshi matatu, na Katibu wa wizara. Watu sita. Ukisema jeshi ni moja, makamanda watatu wanakaa hapo kwa jina gani? Ukiwatoa wanabaki watatu, na kati yao mwenye magwanda ni mmoja tu. Leo Mkuu wa Majeshi akimwambia Waziri kwamba jambo fulani baharini linawezekana, yupo mezani mtu wa bahari mwenye kiti cha kikatiba anayeweza kusema haliwezekani. Kesho atakuwa mtu wa chini yake, aliyekaa nje ya mlango anasubiri kuitwa.

Kwa taarifa yenu, haihitaji kura ya maoni. Majeshi hayamo kwenye orodha ya kifungu cha 255, ya mambo yanayohitaji kura hiyo. Ni mswada, siku 90 kabla ya kusomwa mara ya pili, kisha thuluthi mbili ya wabunge wote na thuluthi mbili ya maseneta wote. Ugumu upo kwenye thuluthi mbili. Kwa hoja ya helikopta za Embakasi hamtazipata.

Mleta mada (Likoni)

Wakili, hilo la Baraza sikulipima. Basi Katiba tuiache. Nianze na yale yasiyohitaji Katiba: manunuzi, karakana, helikopta zote chini ya mtu mmoja, na ofisa asipande kuwa brigedia kabla hajatumikia miaka kadhaa kwenye jeshi lisilo lake, kama walivyofanya Wamarekani.

Na la mwisho ambalo mtu wa pwani hawezi kulinyamazia. Sisi tunajadili kuunganisha, huku Novemba 2018 tumezindua Walinzi wa Pwani pale Liwatoni, wenye boti zao, makamanda wao na wizara nyingine kabisa, ya Mambo ya Ndani. Ng'ambo ya kivuko wako wanamaji. Na polisi wa baharini hawajaondoka. Bahari ni ileile. Sheria iliyowaunda ni ya Bunge tu, na Bunge linaweza kuirekebisha kwa wingi wa kawaida. Waunganishwe na wanamaji.

Wakili

Hapo ndipo tutagombana kwelikweli. Mlinzi wa pwani kazi yake ni sheria: wavuvi haramu, magendo, mihadarati. Anakamata raia anampeleka mahakamani. Ukimtia ndani ya jeshi, umemfanya mwanajeshi awe askari polisi wa kila siku wa wavuvi wa Shimoni na Lamu, wakati Katiba hiyohiyo inataka jeshi likitumwa kutuliza ghasia popote nchini, Bunge la Taifa liidhinishe kwanza. Mvuvi aliyekamatwa na mwanajeshi atamshtaki nani, na mahakama ipi?

Mzee wa Eastleigh

Mjibu wakili, mleta mada. Mimi nipo.