Mke alitolewa titi, sasa kuna uvimbe kwenye kovu. Nisimame naye vipi tukisubiri majibu ya kinyama?

Baba_Nuru
Wakuu, heshima kwenu. Mke wangu, miaka 46, alitolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapa mwaka 2022. Akapata kemo, mionzi hakupigwa. Tangu hapo anameza tamoxifen, vidonge vya kuzuia homoni ya estrojeni isilishe saratani. Sasa kimetokea kiuvimbe kigumu pembeni ya kovu, sentimita moja hivi. Daktari kakishika, kasema kichukuliwe kinyama (kipande kidogo cha kupima maabara) wiki ijayo, zaidi ya hapo hakusema kitu. Mwenyewe haongei. Mchana kazi kama kawaida, usiku halali. Mama mkwe anataka aache vidonge aanze miti shamba, shemeji anasema sindano itausambaza ugonjwa. Naomba kujua cha kuandaa kabla ya kipimo, habari ya dawa, na nyumbani nifanye nini bila kumkera. Tuko Morogoro, kipimo ni Dar.

Sista_Wodi7
Pole kaka, mpe wifi pole nyingi. Uvimbe kwenye kovu la titi si lazima uwe saratani imerudi. Mafuta ya chini ya ngozi yakifa baada ya upasuaji hukakamaa na kuwa kidonge kigumu, uzi wa ndani nao hufanya fundo, kovu lenyewe huweza kunenepa. Na ndiyo, kinaweza kuwa saratani. Kwa vidole hakuna wa kuapa, awe bingwa au asiwe. Mpaka kinyama kirudi, wala usiseme "umerudi", wala usiseme "hamna kitu".

Ulizeni kipimo kitafanywa kwa sindano gani. Sindano nyembamba hufyonza chembe tu, na mara nyingi haitoshi kujibu maswali yote ya tiba. Mnayoitaka ni sindano nene ya kukata kinyama, kwa kawaida geji 14 (kipimo cha unene wa sindano), ikiongozwa na altrasaundi, na vichukuliwe vipande kadhaa, si kimoja. Kama anatumia aspirini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, daktari aambiwe mapema. Msiiache wenyewe. Presha na sindano za damu aombe mkono wa kulia, maana kwapa la kushoto lilishaguswa.

Baada ya kipimo pabanwe dakika 10 hadi 15 bila kufunuafunua kuchungulia. Akiumwa, parasetamo. Weusi kidogo chini ya ngozi ni kawaida. Kikivimba haraka, damu isikate, au homa na usaha vikatokea, rudini siku hiyo hiyo.

Kuhusu sindano kusambaza: saratani ya titi kupita kwenye njia ya sindano ni jambo nadra sana. Kutibiwa bila kinyama ndiyo hatari yenyewe.

Histo_Mwambao
Niongezee upande wa maabara, maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza wiki nzima bila kujua.

Mara nyingine ndugu ndiye anayekabidhiwa kopo alipeleke maabara. Kabla hujaondoka, litazame. Kinyama kiwe kimezama kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia, ya asilimia 10, na dawa iwe nyingi, walau mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Kisiwekwe kwenye maji, dripu ya chumvi wala spiriti. Kwenye maji kinaoza, spiriti nayo inaharibu protini ambazo baadaye hupimwa kujua kama saratani inategemea homoni. Usikiweke kwenye barafu wala friji, joto la kawaida linatosha. Andika saa kilipotoka mwilini: kinatakiwa kiingie kwenye formalini ndani ya saa moja, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikikaa pungufu au zaidi, kipimo cha homoni kinaweza kusoma "hakuna" wakati zipo, na mgonjwa akanyimwa dawa inayomfaa.

Lebo ibandikwe kwenye ubavu wa kopo, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana mezani. Liandikwe jina kamili, namba ya faili, upande na mahali palipotolewa.

Halafu fomu. Nimechoka kuona fomu imeandikwa "uvimbe kifuani" basi. Iandikwe: alishakuwa na saratani ya titi la kushoto, akatolewa 2022, yuko kwenye tamoxifen, na namba ya patholojia ya zamani. Bila hayo msomaji wa slaidi (kioo chenye kinyama) anakisia. Ripoti ya 2022 nendeni nayo. Ile bloku ya nta yenye kinyama cha zamani nayo huhifadhiwa maabara, inaweza kuombwa kwa barua ya daktari ili ilinganishwe na hii mpya. Ukikabidhi kopo, chukua namba ya usajili na uipige picha.

Baba_Nuru
Asante sana. Hiyo ya lebo sikuijua kabisa. Majibu yakitoka ndiyo yameisha?

Histo_Mwambao
Hapana, huja kwa awamu. Kwanza utaambiwa ni saratani au siyo. Kama ndiyo, wanaendelea na vipokezi, yaani sehemu za chembe ya saratani zinazopokea homoni au ishara za kukua: estrojeni, projesteroni na HER2. Hata kama mwaka 2022 vilipimwa, vipimwe upya, kwa sababu saratani inayorudi huweza kubadilika tabia. HER2 ikisomeka 2+ maana yake haijaeleweka, kinahitajika kipimo kingine cha jeni. Msikimbilie kununua dawa kwa nusu ya majibu.

Na kuna majibu mawili yanayowapotosha watu. "Sampuli haitoshi" si habari njema, ni kurudia. Na ikiandikwa "hakuna saratani" huku kiuvimbe kinaendelea kukua, majibu na mwili havikubaliani: kitolewe chote kikapimwe.

Mzee_Kongwe
Mnapoteza muda. Uza kiwanja, mpeleke India kesho.

Sista_Wodi7
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Huko India kitu cha kwanza wataomba ni ripoti, slaidi na bloku. Asipokuwa navyo wanaanza pale pale anapoanzia hapa, kwa gharama ya hoteli. Kiwanja kisubiri mpango wa tiba ulioandikwa.

Famasia_ya_Kona
Mkuu, tamoxifen aendelee nayo, miligramu 20 kila siku, mpaka daktari wa saratani aseme vinginevyo. Akisahau na kukumbuka siku hiyo hiyo, ameze. Akikumbuka kesho yake, aruke, asimeze mara mbili.

Sasa swali gumu, uliza kwa upole: amekuwa akizimeza kweli? Wengi huacha kimya kimya kwa sababu ya joto la ghafla mwilini, mifupa kuuma, au ukavu ukeni. Usimfungulie kesi. Mwambie daktari anahitaji kujua, kwa sababu saratani iliyorudi mtu akiwa anameza dawa na iliyorudi akiwa ameacha hazitibiwi kwa mpango mmoja. Akificha, atabadilishiwa dawa ambayo pengine bado ingefanya kazi.

Usimnunulie vidonge vya usingizi kaunta. Na kama kuna mtu kamwandikia dawa za msongo, fluoxetine na paroxetine hupunguza nguvu ya tamoxifen, daktari aambiwe, zipo nyingine.

Miti shamba: usigombane na mama mkwe. Manjano na tangawizi kwenye mchuzi havina neno. Unga uliokolezwa, vidonge na chupa zisizo na lebo ndiyo shida, baadhi huumiza ini, na ini ndilo linalozichakata hizi dawa. Mwambie, "Mama, tunasubiri majibu, chochote kipya tutamwonyesha daktari kwanza." Chupa ikishaletwa, nendeni nayo kliniki.

Baba_Nuru
Kuna mtu kaniambia nimpime alama za saratani kwenye damu wakati tunasubiri. Na ile skani ya mwili mzima?

Daktari_Zamu
CA 15-3, ndiyo alama ya damu ya saratani ya titi, peke yake haithibitishi wala haikanushi. Inaweza kuwa ya kawaida ugonjwa upo, na ikapanda kwa sababu nyingine. Hela hiyo iweke.

Kinyama kikithibitisha, ndipo watafute kama imefika sehemu nyingine ya mwili: CT ya kifua na tumbo, skani ya mifupa, vipimo vya ini na figo. PET-CT, hiyo skani ya mwili mzima, ni nzuri lakini si lazima kwa kila mtu. Kabla ya CT ya dawa ya mshipani, kreatinini (kipimo cha damu cha figo) iwe imepimwa, na kama anatumia metformin kwa kisukari aseme, huenda akaambiwa aisimamishe saa 48 kulingana na figo.

Kwa nini mpangilio huu una maana: ikiwa imerudi pale kifuani tu, mara nyingi inatolewa kwa upasuaji, kisha mionzi hasa kwa ambaye hakupigwa mwanzo, na dawa. Lengo bado ni kuponya. Ikiwa imefika mifupani, ini au mapafu, kwa kawaida lengo linakuwa kuidhibiti, na wapo wanaoishi nayo miaka. Kwa hiyo swali la kumwuliza daktari siku ya majibu ni moja: "Lengo la tiba hii ni kuponya au kudhibiti?" Mengine yote yanafuata hapo.

Haya hayasubiri kliniki, nendeni dharura usiku huo huo: maumivu mapya makali ya mgongo pamoja na miguu kuishiwa nguvu au mkojo kuziba au kutoka wenyewe, pumzi kukata ghafla, shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma (tamoxifen huweza kugandisha damu), degedege, au kichwa kikali na kutapika, kuchanganyikiwa na kiu isiyoisha. Akitokwa damu ukeni isiyo ya kawaida, aripoti wiki hiyo hiyo.

Mama_Tunu
Mmesema ya hospitali, niseme ya chumbani. Muulize mkeo jambo moja leo: anataka kuambiwa kiasi gani, na nani mwingine aambiwe. Kwetu daktari hupenda kumwita mume pembeni. Ukiitwa, sema, "Mwambie yeye, mimi nipo." Mwanamke akigundua mumewe alijua kabla yake, imani inavunjika wakati anaihitaji kuliko wakati wowote.

"Usijali" na "Mungu yupo, itapita" vinamfunga mdomo. Sema, "Najua hulali. Mimi pia naogopa. Unataka tuongee au nikae tu hapa?" Akisema kaa tu, kaa, simu weka mbali. Mgusane kama zamani. Wengi wakisikia uvimbe kwenye kovu hawataki tena kuonekana, na mume akiogopa kugusa, mke anasoma kuwa anachukiwa. Muulize kama anataka ulione kovu. Akikataa, yaishie hapo.

Anapika na kufua kwa sababu hizo ndizo kazi anazoweza kuzitawala. Usimnyang'anye. Chukua zile zinazomchosha bila kutangaza: maji, foleni ya kliniki, ada, mama mkwe.

Watoto waambiwe kwa umri wao, kwa sentensi fupi: mama ana uvimbe, unapimwa, majibu tutawaambia. Jina la ugonjwa litajwe, wakilisikia kwa jirani ni mbaya zaidi. Kwenye kundi la ukoo aandike mtu mmoja tu, tena maneno aliyoyakubali yeye.

Famasia_ya_Kona
Siku ya majibu nendeni wawili, yeye asikilize, wewe uandike. Ombeni ruhusa ya kurekodi kwa simu, maana neno saratani likishatajwa, yanayofuata hayasikiki. Kama mna bima, ulizeni siku hiyo hiyo dawa ipi iko kwenye orodha na ipi inahitaji kibali. Kibali huchukua muda, kianze kabla ya tarehe ya dozi.

Baba_Nuru
Nimemwuliza. Kasema aambiwe yeye kwanza, na mama yake ajue baada ya majibu. Na vidonge kuna miezi aliruka. Hili alimwambie nani, huyu wa kinyama au wa kliniki ya saratani?

Daktari_Zamu
Wa kliniki ya saratani, lakini liandikwe na kwenye fomu ya kinyama: miezi ipi aliruka, lini alirudia. Akumbuke kwa maganda ya dawa au tarehe za kuchukua dawa kwenye kadi. Mweleze kuwa kuruka si ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeileta, saratani hurudi hata kwa wanaomeza bila kukosa. Kwa daktari ni taarifa ya kuchagulia dawa tu.