Goma la Lamu katika mchezo wa jukwaani wa Kenya nzima

Maalim wa Langoni:
Assalamu alaikum. Kikundi chetu cha vijana hapa Lamu kimeombwa kutayarisha mchezo wa jukwaani wa nyimbo na ngoma za Kenya nzima, wa muda wa saa moja na nusu. Rasimu yangu inaipa kila jamii zamu yake: isukuti ya Waluhya, nyatiti (ala ya nyuzi) ya Wajaluo, mwomboko wa Wakikuyu, mwanzele wa Wagiriama, kisha goma letu la kufungia. Mazoezini imekuwa kama gwaride la sikukuu, kikundi kimoja kikitoka na kingine kikiingia. Na goma, ambalo wanaume wenye kanzu na bakora hulicheza polepole kwa muda mrefu, limebanwa katika dakika 5. Je, niongeze muda au nipunguze ngoma?

Mwana wa Malindi:
Punguza ngoma, Maalim, na zitakazobaki uziunganishe kwa kisa kimoja. Riverdance, onyesho la ngoma la Ireland, ilianza mwaka 1994 kwa kipande cha takriban dakika 7, kilichochezwa Dublin katikati ya mashindano ya nyimbo ya Eurovision. Mwaka uliofuata ilipokuwa onyesho kamili, sehemu ya pili iliifuata safari ya watu wa Ireland waliohamia Marekani, na kwa sababu hiyo wachezaji wa mitindo ya Kimarekani waliingia bila ya kuonekana wamebandikwa. Nasi kisa tunacho: mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na umati uliomfuata ndio aliouhimiza kuwapinga Waingereza. Hapo ngoma yenyewe ndiyo inayokisukuma kisa.

Binti Mkomani:
Kuhusu kisa nakubali, ila kifudu nisingekigusa kabla ya kuwauliza wazee wa kaya, walinzi wa mila za Wagiriama. Ngoma zetu za wanawake nazo zina mipaka yake. Vugo, ambapo wanawake hugonga pembe za nyati, hupigwa njiani siku za harusi, kwa hivyo jukwaani hakuna taabu. Chakacha ya ndani, inayochezwa na wanawake peke yao, ni jambo jingine, hata ikiwa bendi na mahoteli yameitoa nje siku nyingi. Mimi ningeufunga mlango jukwaani, sauti za wanawake zisikike nyuma ya pazia, na huku nje vijana wacheze kirumbizi, ngoma ya fimbo, kwa zumari.

Maalim wa Langoni:
Ahsanteni sana. Basi kisa kitakuwa harusi ya hapa Lamu, na wakwe watatoka Kakamega. Isukuti, ambayo UNESCO iliitia mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, huchezwa harusini pia, kwa hiyo wageni watashuka gatini nayo. Mwanzele utaingia kwa majirani wa bibi harusi. Mwomboko na nyatiti zitangoja mchezo mwingine, na waliotutuma nitawaeleza mwenyewe. Goma nalipa dakika 20, na atakayechoka atoke akanywe kahawa.