Marlin 39A aliyotuachia marehemu baba: tuitunze vipi, na tuanzie wapi kisheria?

Mkulima wa Njoro

Hamjambo wanajukwaa. Marehemu baba yetu alituachia shamba huku Njoro, na katika mali zake imo bunduki ndogo ya Marlin, modeli 39A, ya risasi za .22, aliyoinunua kihalali kutoka kwa mlowezi aliyeuza shamba na kurudi kwao Uingereza baada ya Uhuru. Ni ile aina ambayo mkono wa chuma ulio chini ya kifyatuo huvutwa chini kisha hurudishwa juu, ganda likaruka pembeni na risasi nyingine ikaingia mahali pake. Mzee alihuisha cheti chake cha kumiliki silaha kila mwaka hadi alipofariki, na tangu mazishi bunduki haijatoka kwenye kabati la chuma lililokazwa ukutani.

Kaka yangu mkubwa anataka tumpe fundi aing'arishe chuma na kuipaka mbao vanishi ili ipate bei nzuri. Mdogo wetu anasema ni chuma kikuukuu, heri isalimishwe serikalini tuishi kwa amani. Mimi nisingependa iondoke katika familia kabla sijaelewa ni kitu gani hasa tulichoachiwa. Naomba mwenye ujuzi atueleze.

Mzee wa Milimani, Nakuru

Mkulima, poleni sana kwa msiba. Kabla ya kuzungumzia chuma na mbao, shughulikieni sheria, kwa maana hapo ndipo familia nyingi zisizo na nia mbaya hujikuta mashakani. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti hupewa mtu, wala hakirithiwi pamoja na bunduki. Mzee alipofariki, hakuna hata mmoja kati yenu aliyebaki na idhini ya kuwa nayo, hata kama imefungiwa kabatini. Mpigieni simu mkuu wa kituo chenu cha polisi, mwelezeni kwamba mwenye cheti amefariki, na ombeni maafisa waje kuichukua ihifadhiwe kituoni. Msiibebe wenyewe kwa matatu wala kwa bodaboda. Hakikisheni imeandikwa kwa nambari yake kamili, mpewe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na stakabadhi, na muiweke pamoja na cheti cha kifo.

Kisha kuna Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ambayo kifungu chake cha 45 kinakataza mtu yeyote kuigusa mali ya marehemu kana kwamba ni yake kabla mahakama haijamteua msimamizi. Kwa hiyo kaka yako hawezi kuiuza kwa sasa, hata akipata mnunuzi mwenye cheti. Iorodhesheni bunduki miongoni mwa mali za marehemu, mkubaliane ni nani atakayeipokea, naye aombe cheti kwa jina lake kutoka kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Ataulizwa sababu halali ya kuihitaji na mahali salama atakapoiweka. Kusema tu kwamba ni kumbukumbu ya baba ni hoja nyepesi. Mtu anayeshiriki ulengaji shabaha katika klabu inayotambuliwa husikilizwa zaidi. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, basi hiyo msiitaje kabisa kama sababu.

Fundi Mstaafu

Nimezitengeneza bunduki kwa miaka mingi, na ningemwomba huyo mdogo wenu asiiite chuma kikuukuu. Ukoo wa bunduki hiyo unaanzia kwenye modeli ya 1891 iliyobuniwa na Lewis Hepburn katika kiwanda cha Marlin, mjini New Haven, Marekani, ambayo mrithi wake alikuwa modeli ya 1892, halafu ya 1897, halafu modeli 39 miaka ya mwanzo ya 1920, na hatimaye 39A mwaka 1939. Utaratibu wake wa ndani haukubadilika sana katika muda huo wote, na kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa kuliko tangazo lolote.

Uzuri wake hauonekani mpaka uifungue. Upande wa kulia kuna skrubu moja kubwa inayolegezwa kwa vidole au kwa sarafu, na bunduki nzima ikagawanyika vipande viwili. Kwa njia hiyo mtutu husafishwa kutoka nyuma, mahali risasi inapoingilia, badala ya kuingiza ufito kupitia mdomo wa mbele na kuuchubua. Mdomo ukichubuka, risasi hupotea shabaha hata kama sehemu nyingine zote ni nzima. Risasi zake hukaa ndani ya bomba refu chini ya mtutu, nazo zaweza kuwa za aina tatu, fupi, ndefu kidogo na ile ya kawaida ya .22 Long Rifle, zote zikapita bila kubadilisha chochote. Bomba hilo huficha: risasi moja inaweza kubaki ndani mtu akadhani bunduki ni tupu, kwa hiyo mwambieni afisa atakayeipokea alivute nje kabisa na kutazama.

Tena msiifyatue ikiwa tupu kwa kujaribu tu. Katika risasi za aina hii, kemikali ya kuwashia baruti imo ndani ya ukingo wa ganda, na pini huupiga ukingo huo. Ganda lisipokuwepo, pini inaweza kugonga chuma cha mtutu na kuacha alama, na hatimaye bunduki ikashindwa kuwasha risasi au kutoa maganda.

Kuhusu kung'arisha na kupaka vanishi, ningekataa hata kama kaka yako angenilipa mara mbili. Wanaothamini bunduki hizi hutafuta rangi ya awali ya chuma, herufi zilizochapwa zikiwa bado na makali, na mbao zenye michubuko ya matumizi ya kweli. Sandpepa huondoa vyote hivyo, wala havirudi.

Nyakisumu

Naongezea la kwetu huku ziwani. Unyevu wa Kisumu ni adui mkubwa, na nimeona bunduki nzuri zikiota kutu ndani ya mifuko ya ngozi, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia juu ya chuma. Njoro kuna ukungu na baridi ya asubuhi, basi msiidharau hali hiyo. Atakayepata cheti aifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kila anapoishika, kwa sababu jasho la mkono nalo huacha kutu, na asiimwagie mafuta mengi, maana hushuka hadi kwenye mbao na kuzilainisha.

Mkulima wa Njoro

Asanteni sana, wazee wangu na dada yangu. Maafisa wamekuja na kuichukua, tumepata nambari ya OB, na bomba lilikuwa tupu. Afisa alisoma nambari yake ikiwa na herufi B mbele. Jambo moja limetutatiza: pande za kiwiliwili chake, juu ya kifyatuo, zina madoa ya kijivu, kahawia na samawati yaliyochanganyika. Kaka anasema hiyo ni kutu, na ndiyo hasa aliyotaka iondolewe.

Fundi Mstaafu

Hiyo si kutu hata kidogo! Ni rangi zinazotokana na kukiokea chuma ndani ya makaa ya mifupa kisha kukizamisha ghafla majini ili ngozi yake iwe ngumu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia 39A zilianza kutoka kiwandani zikiwa na kiwiliwili cheusi chenye usamawati, na herufi B inaonyesha kwamba yenu ni ya kundi la mwanzo, la kabla Marekani haijaingia vitani Desemba 1941. Rangi hizo ndizo sehemu kubwa ya thamani yake, na mahali pengi hupatikana zikiwa zimefutika. Mwambie kaka yako, kwa heshima zote, aweke sandpepa kando, na atakayeipokea apeleke picha za kila upande pamoja na maombi yake ya cheti, ili hali yake ya sasa ijulikane.