Naomba ushauri: kazi ya mazingira kwenye kuhuisha leseni za mabwawa ya umeme Marekani

Wakuu habari. Nipo Maine, nimesomea samaki SUA. Kampuni ya ushauri wa mazingira imeniita kwenye kuhuisha leseni ya bwawa la umeme. FERC (tume ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia nishati) hutoa leseni za miaka 30 hadi 50, na mwenye bwawa hutoa taarifa angalau miaka 5 kabla haijaisha. Hapo katikati ni tafiti tupu: mikunga (samaki warefu kama nyoka) wanaoshuka usiku kupitia kwenye mitambo, oksijeni ya maji, n.k.

Kinachonitatiza: anayemlipa mshauri ni mwenye bwawa. Data ikimgomea je? Bwawa la Edwards, mto Kennebec hapa Maine, lilinyimwa leseni 1997, likabomolewa 1999. Si mchezo.

Mliofanya kazi hii, kwenye mkataba nidai kipengele gani? Au nitafute serikalini?