Mrejesho: ile kalamu ya TWSBI nimeipata

Wakuu, salaam. Niliwauliza ninunue kalamu gani ya nibu (ile ncha ya chuma ya kuandikia) inayovuta wino moja kwa moja kwenye chupa, maana katriji, vile vibomba vya wino vya kubadilisha, huku ni za kusaka kwa tochi. Wengi mlisema TWSBI ECO. Nimeinunua, na ninawashukuru kutoka moyoni.

Hii kampuni ya Taiwan naiheshimu sana. Kabla ya kutoa kalamu yao ya Diamond 530 mwaka 2010, kiwanda chao kilikuwa kikitengeneza kalamu na vipuri kwa ajili ya chapa za wengine. ECO ikafuata 2015, ikawapa watu wa kipato cha kawaida pistoni, yaani kizibo cha ndani kinachovuta wino, ambayo zamani ilikuwa ya kalamu za bei mbaya.

Utamu wenyewe uko kwenye kujaza. Unazungusha kitako, pistoni inashuka. Unazamisha nibu yote kwenye wino, unazungusha kurudi, na kwa kuwa mwili ni angavu unaona wino ukipanda mpaka juu. Inabeba takriban mililita 1.7, wakati katriji fupi haifiki hata 1. Ndani ya boksi wameweka spana ndogo na kichupa cha grisi ya silikoni, ili ufungue na kuihudumia mwenyewe. Mtengenezaji anayekukabidhi spana anakuamini, na hilo limenigusa kuliko yote.

Nibu nimechukua F, yaani nyembamba. Kwenye daftari zetu za kawaida M, ile ya wastani inayotoa wino mwingi zaidi, ingevujia upande wa pili. Kaka uliyesisitiza F, ubarikiwe.