MJADALA: Je, kodi yetu iende kwenye fizikia ya chuma kilichobanwa?

Wadau, salamu. Mwenzetu mmoja ameandika humu kwamba kumlipa mtu hapa Nairobi achunguze superkondakta za chuma ni anasa, ilhali wodi hazina vitanda. La vitanda nakubaliana naye kabisa. La anasa napinga.

Superkondakta hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Usumaku ulihesabiwa kuwa adui wake, na chuma kwa usumaku ndicho chenyewe. Ndiyo maana mwaka 2008, kundi la Hideo Hosono kule Tokyo lilipotangaza superkondakta yenye chuma na arseniki, inayofanya kazi ikipozwa hadi kelvini 26 (nyuzi 247 hivi za selsiasi chini ya sifuri), wanafizikia walishtuka.

Kinachonivutia mimi zaidi ni chuma kilichoungana na seleniamu. Kipoze hadi kelvini 90 hivi: fuwele inajivuta, miraba ya atomu za chuma inakuwa mistatili. Kwa jamaa zake wengi, yaani superkondakta nyingine za chuma, usumaku hujipanga (sumaku ndogondogo za atomu hufuata mpangilio maalumu) hapo hapo au baada ya kupoa kidogo tu. Kwake haujipangi. Sasa kibane. Shinikizo likikaribia mara 10,000 ya lile la hewa, usumaku unajitokeza. Ongeza tena, mabadiliko ya umbo na ya usumaku yanatokea kwa pamoja. Na usuperkondakta, ambao ulianzia kelvini 8 tu, unapanda hadi karibu 37! Kati ya umbo na usumaku, nani anamvuta mwenzake? Wataalamu bado wanabishana.

Swali hilo mwanafunzi wa Chiromo, kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, anaweza kulishika. Programu ya Quantum ESPRESSO, inayokokotoa tabia za fuwele kuanzia atomu zake, ni ya bure, na fuwele inabanwa ndani ya kompyuta. Ugumu upo: hesabu za kawaida huipa fuwele hii usumaku hata kabla ya kubanwa, nazo maabara haziuoni. Basi tunahitaji wabia wenye vipimo, na wabia hawaji kwa mtu asiye na kazi ya kuonyesha.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliahidi utafiti asilimia 2 ya pato la taifa. Hatujaifikia. Na mashine za MRI hospitalini, zile zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku? Sumaku zake nyingi ni nyaya za superkondakta zinazopozwa kwa heliamu hadi kelvini 4 hivi, gharama ambayo mgonjwa huilipia. Superkondakta isiyohitaji baridi kali hivyo ingeweza kuipunguza.

Wanaopinga, nijibuni: muda wa kompyuta na posho ya wanafunzi wachache, hata hizo mnazikataa?